Ugomvi Ni wa Wawili, Kipigo Ni cha Mmoja

Kuna methali tuliyofundishwa tangu shule ya msingi: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mtaani tumeshaigeuza, siku hizi tunawasemea mke na mume. Na mimi nimeitumia, kwa mdomo wangu huu, mbele ya mwanamke ambaye jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Mwanamke huyo ni wifi yangu. Aliyempiga ni kaka yangu, tumbo moja.

Nimepata ruhusa yake kuandika haya, kwa sharti nisitaje jina wala mtaa.

Kilikuwa kikao cha familia, Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Wazee kwenye makochi, sisi kwenye mkeka. Baba mkubwa akauliza swali linaloulizwa katika kila kikao cha aina hii: "Chanzo ni nini?" Kaka akaeleza chanzo. Simu, chakula kuchelewa, majibu ya mkato. Wifi akaulizwa kama ni kweli alijibu. Akasema ndiyo, nilijibu. Basi, hapo kikao kikawa kimekwisha, maana kila upande umepatikana na kosa. Mmoja kajibu, mwingine kapiga, ngoma droo. Wakaambiwa waombane msamaha, wakaombana. Na mimi, mwandishi wa habari mwenye shahada, niliyeandika makala sijui ngapi za Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, nikamfuata jikoni, nikamshika mkono, nikamwambia: wifi yangu, vumilia, wagombanao ndio wapatanao.

Miezi minne baadaye akavunjwa mkono.

Siandiki ili nitubu hadharani. Toba yangu haimsaidii mtu. Naandika kwa sababu safari hiyo ya pili nilikuwa naye hatua kwa hatua, na nikagundua kwamba kile kikao chetu cha Jumapili hakikuwa ushamba wa familia yetu peke yake. Kimejengwa ndani ya sheria. Kila ofisi tuliyoingia ilituuliza, kwa namna yake, "Chanzo ni nini?" na kila ofisi ilikuwa na mkeka wake wa kutukalisha tupatane.

Tulianza polisi. Lazima niwe mkweli hapa: afande wa kike aliyetupokea kwenye Dawati la Jinsia na Watoto alitusikiliza vizuri, hakutucheka wala hakutuambia tukayamalize nyumbani. Tukapata RB, tukapata PF3, tukaenda hospitali, mkono ukafungwa plasta. Tuliporudi akauliza: "Sasa mama, unataka tumkamate?" Wifi akanyamaza kidogo. Halafu akasema maneno ambayo sijayasahau: "Sitaki afungwe. Nataka asije."

Nataka asije. Hebu yasome tena maneno hayo, kwa sababu makala yote hii ni maneno hayo mawili. Alikuwa na watoto wawili, kodi ya nyumba imelipwa ya miezi sita, na kibanda chake cha kushona kiko hatua chache kutoka mlangoni. Hakuhitaji mume wake akae gerezani, kwa sababu akikaa gerezani ada ya shule nani atalipa, na ukoo wetu ungemla nyama. Hakuhitaji talaka pia, siku ile. Alihitaji kitu kidogo sana: mtu mwenye mamlaka amwambie yule bwana, kwa maandishi, usikanyage hapa, usimsubiri barabarani, usimpigie simu, na ukikanyaga utakamatwa.

Kitu hicho kipo duniani na kina jina. Ni amri ya mahakama ya zuio; wengine huiita amri ya ulinzi. Afande akatuangalia kwa huruma, akasema, "Kumkamata naweza. Kumzuia asije, hiyo ni kazi ya mahakama."

Haya, twende mahakamani. Njiani tukamwona msaidizi wa kisheria, ndiye aliyetufumbua macho. Tanzania Bara hatuna sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Tunayo Sheria ya Ndoa ya 1971, na ndani yake kuna kifungu cha 66 kinachotamka wazi kwamba, hata kama mila inasema vingine, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumchapa. Ni kifungu kizuri, na kwa mwaka ule kilikuwa cha kishujaa. Lakini ni kifungu cha kutangaza. Hakisemi mwanamke aliyechapwa jana afanye nini leo jioni.

Katika sheria hiyohiyo mahakama imepewa uwezo wa kumwamuru mtu aache kumsumbua na kumng'ang'ania mwenzi wake. Tulipolisikia hilo tulifurahi. Kisha tukaambiwa sharti lake: amri hiyo hutolewa wakati shauri la ndoa likiendelea, au pale ndoa inapobatilishwa, wanandoa wanapotenganishwa au wanapopeana talaka, na baada ya hapo. Kwa lugha nyepesi, ukitaka mumeo azuiwe kukupiga, anza kwanza kufungua kesi juu ya ndoa yako. Na kama hamkuoana, mlikuwa wapenzi tu, au mmekaa pamoja mwaka mmoja ukaondoka naye anakufuata kazini, hiyo ndoa ya kufungulia shauri utaitoa wapi?

Ngoja, bado. Ukiamua kwamba liwalo na liwe, nadai talaka, kifungu cha 101 kinakusubiri mlangoni. Hakuna kudai talaka mahakamani mpaka mgogoro wenu uwe umepelekwa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kifungu hicho kinawasamehe baadhi ya watu wasipite barazani. Orodha yake niliisoma mara tatu. Yumo aliyetelekezwa na mume asiyejulikana aliko. Yumo ambaye mwenzake yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi karibuni. Yumo ambaye mwenzake amekataa kwa makusudi kuja barazani, ambaye mwenzake amefungwa miaka mingi, na ambaye mwenzake ana maradhi ya akili yasiyotibika. Mwishoni kuna mlango mdogo wa mazingira ya kipekee, ambao unategemea hakimu atauona vipi. Aliyevunjwa mkono na mwenzake hakutajwa. Waliotunga orodha waliweza kumfikiria mume aliyeko ng'ambo. Mume aliyeko sebuleni na mkanda mkononi hakuwajia akilini.

Tukaenda barazani. Pale tukaandikiwa barua ya wito ya kumwita mume, na barua hiyo akakabidhiwa wifi yangu aipeleke. Naomba msomaji uelewe vizuri. Tulitoka nyumbani kutafuta karatasi ya kumweka yule mtu mbali. Tulichopewa ni karatasi ya kumpelekea. Niliichukua mimi nikaipeleka mwenyewe, na kaka yangu aliisoma akiwa amesimama, akanikunjia uso, akasema, "Na wewe umo?"

Siku ya kikao waliketishwa benchi moja. Nafasi kati yao ilitosha kuweka mkoba. Wazee wa baraza hawakuwa watu wabaya, na ningependa niwatetee: sheria imewaita wapatanishi, kwa hiyo wanapatanisha, watafanya nini kingine? Wakauliza chanzo. Kaka akasema anampenda mke wake. Wakamuuliza wifi kama na yeye anampenda. Akiwa na plasta mkononi, mbele ya mtu aliyeuvunja mkono huo, na jioni wanarudi mtaa mmoja, mlitaka ajibu nini? Kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena.

Hapo ndipo kosa lilipo, na nalisema bila kuzunguka. Usuluhishi ni dawa ya ugomvi. Ugomvi una watu wawili wanaovutana, kila mmoja ana cha kuachia na cha kupata. Kipigo siyo ugomvi. Mwanamke anayepigwa hana cha kuachia. Ukimketisha mezani na anayempiga ukawaambia kila mtu alegeze kidogo, maana yake unamwomba yeye alegeze mfupa. Na kila siku ya usuluhishi ni siku ambayo anayepiga anajua mwenzake yuko wapi, saa ngapi, na atapita njia gani kurudi.

Najua majibu yatakayokuja. Nimeshayasikia yote, mengine kutoka kwa wanasheria, mengine mezani kwetu.

La kwanza: karatasi haizuii ngumi. Kweli, haizuii. Lakini angalia karatasi inafanya nini. Leo hii kaka yangu akisimama mlangoni saa nane usiku anagonga, hajavunja sheria yoyote ya maana. Ni mume, ni nyumba yake, ni watoto wake. Ukiwapigia polisi watakuuliza, "Amekupiga?" Bado. "Basi akikupiga njoo." Ukiwa na zuio, kule kugonga tu ni kosa tayari. Zuio linalisogeza kosa kutoka kwenye ngumi hadi kwenye kizingiti, kwa hiyo polisi hawana haja ya kusubiri damu ndipo wapate sababu ya kuja. Ndiyo kazi yake yote, na kwa mtu anayelala na kiti kimeegemezwa mlangoni, siyo kazi ndogo.

La pili: Wakenya wanayo hiyo sheria na bado wanawake wanauawa. Ni kweli pia. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Majumbani mwaka 2015. Mwathirika anaweza kwenda mahakamani kuomba amri bila kudai talaka, anaweza kupata amri ya muda kwa haraka, na sheria haiwahesabu wanandoa peke yao; waliowahi kuoana, wachumba na wanaokaa nyumba moja wamo pia. Anayeikiuka amri anakabiliwa na faini au kifungo. Pamoja na hayo, Januari 2024 maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine wakilia juu ya mauaji ya wanawake, na Septemba mwaka huohuo mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, aliyekuwa amerudi tu kutoka Olimpiki ya Paris, alifariki hospitalini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Kwa hiyo sheria ikikaa kabatini haimwokoi mtu. Inahitaji polisi wa kuitekeleza na hakimu wa kuitoa siku hiyohiyo. Lakini Wakenya walioandamana hawakusema sheria ifutwe. Walidai itekelezwe. Sisi huku hatuna hata cha kudai kitekelezwe.

La tatu, na hili husemwa kwa sauti ya juu zaidi: hayo ni mambo ya Wazungu. Sawa. Uganda walitunga sheria yao mwaka 2010, Rwanda 2008, Burundi 2016. Wote hao Wazungu? Na tukirudi kwetu kabisa, marehemu bibi yangu alinisimulia mambo ya zamani kijijini kwao. Mwanamke akipigwa alifunga mzigo wake akarudi kwao. Mume hakuruhusiwa kuja kumchukua kama anavyochukua baiskeli. Alikuja na wazee wake, akasimama uani, akahojiwa, akatozwa, na baba wa binti aliweza kusema bado, rudini mwezi ujao. Sisemi mila ile ilikuwa pepo. Mara nyingi binti alirudishwa. Lakini ilijua jambo moja ambalo sheria yetu hailijui: kwanza watenganishwe, maneno baadaye. Ilikuwa na umbali na ilikuwa na mlinzi wa huo umbali. Leo kwao ni chumba cha kupanga cha mama mjane, na mlinzi ni komeo.

La nne: wanawake wataitumia vibaya. Kila sheria inatumiwa vibaya na mtu. Ndiyo maana kuna hakimu. Amri ya muda ni ya muda. Mwanamume anaitwa, anasikilizwa, na kama ni uongo amri inaondolewa. Atakuwa amelala kwa rafiki yake siku kadhaa. Ukilinganisha na mkono uliovunjika, nadhani tunaweza kuishi na hasara hiyo.

La tano: zuio litavunja ndoa. Hili ndilo linalonichosha zaidi, kwa sababu mambo yako kinyume kabisa. Wifi yangu hakutaka kuvunja ndoa. Alitaka asipigwe. Ni sheria iliyomwambia kwamba hakuna zuio nje ya shauri la ndoa. Sheria inayojisifu kwa kuilinda ndoa ndiyo iliyomsukuma kwenye talaka, kwa kuwa haikumwachia mlango mwingine wa kutokea.

Sasa mnaweza kuniuliza, haya yote yanafanya nini kwenye ukurasa wa vitabu. Yanafanya hivi.

Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, mwaka uleule wa Sheria ya Ndoa. Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kitabu kilizuiwa mashuleni. Sitasema walikizuia kwa sababu ya kile kipigo, maana hakuna aliyelalamikia kipigo. Kilichowaudhi ni tabia za Rosa. Miaka karibu kumi baadaye Said Ahmed Mohamed akatupa Utengano na Bwana Maksuudi, anayemfungia mkewe ndani ya nyumba kubwa. Vizazi vya wanafunzi vimeandika insha wakimchambua Maksuudi: dhamira, wahusika, migogoro. Ndiyo, migogoro! Darasani tumefundishwa kuita kipigo "mgogoro wa kifamilia", tukapewa alama, tukafunga kitabu.

Msamiati huo tukatoka nao shuleni. Chumba cha habari nimekaa zaidi ya miaka kumi, na nimeandika kwa mkono wangu "amuua mkewe kwa wivu wa mapenzi". Nimeiandika zaidi ya mara moja. Wivu, tena wa mapenzi! Marehemu yuko mochwari na sisi tunamtafutia muuaji maneno ya kwenye taarab. Polisi wanasema "ugomvi wa kifamilia", sisi tunanakili. Barazani wanasema "kutoelewana". Msikitini na kanisani wanasema "mitihani ya ndoa". Hakuna hata neno moja kati ya hayo lenye mtu anayepiga na mtu anayepigwa. Kisha tunashangaa kwamba utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15, na kwamba asilimia 58 ya wanawake wenyewe walikubali kuwa zipo sababu za mume kumpiga mke. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Wanawake waliwazidi. Na mimi nilikuwa mmoja wao, pale jikoni, hata kama kwenye dodoso ningejibu vingine.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Wapenzi wa lugha tulishangilia sana, na mimi nilishangilia. Lakini Kiswahili kipi kimeingia mahakamani? Kama ni kilekile cha chukua jembe ukalime, tumemtafsiria wifi yangu mateso yake tu. Bunge likikaa kutunga sheria ya ukatili wa majumbani, na lazima likae, litahitaji maneno yanayosema nani kamfanyia nani nini. Waandishi, wahariri, walimu wa fasihi, maneno hayo ni kazi yetu, na tumechelewa.

Ninachodai ni hiki. Mtu anayepigwa aweze kwenda kwa hakimu wa mahakama iliyo karibu naye, bila ada, bila wakili, bila kudai talaka, akapata amri ya muda siku hiyohiyo. Amri iseme nani atoke ndani ya nyumba, na anayetoka awe aliyepiga. Barua ipelekwe na polisi au karani, isipelekwe na aliyepigwa. Kuikiuka kuwe kosa la jinai. Na palipo na kipigo, baraza la usuluhishi likae pembeni.

Wifi yangu alihama. Kibanda cha kushona amekiacha, watoto wamehamishwa shule katikati ya muhula, kodi ya miezi iliyobaki imeliwa na mwenye nyumba, na laini ya simu amebadilisha. Kaka yangu bado anakaa palepale, anaangalia mpira kwenye televisheni ileile. Kila baada ya siku chache ananipigia ananiuliza mke wake yuko wapi, kwa upole kabisa, na mimi namjibu sijui.

Jumapili ijayo wazee wameitisha kikao kingine. Wifi hatakuwepo. Nimeambiwa nije, kwa kuwa mimi nimesoma na nitasaidia kuwapatanisha. Nitakwenda. Baba mkubwa atauliza chanzo ni nini, kama kawaida yake, na safari hii nitakuwa wa kwanza kujibu.